Vidole Viwili Chini ya Mbavu

Bandama ya mtoto haitafutwi kwa pupa. Unamlaza chali juu ya mkeka, unamkunja magoti ili tumbo lilegee, unasugua viganja vyako mpaka vipate joto, kisha unaanzia chini karibu na kitovu na kupanda polepole kuelekea mbavu za kushoto. Hapo unasubiri. Mtoto akivuta pumzi, bandama iliyovimba kwa malaria hushuka yenyewe na kugusa ncha za vidole vyako. Ndipo unahesabu imeshuka kiasi gani: vidole viwili chini ya mbavu, vitatu, vinne. Usipoigusa kabisa, unamshukuru Mungu na kumwita mtoto anayefuata. Nimepapasa matumbo ya watoto wengi kuliko siku nilizowahi kukaa nyumba moja na mtu mwingine.

Kupasha viganja joto nilifundishwa na uuguzi. Kuhesabu vidole nilifundishwa na utabibu. Kuandika hesabu hiyo daftarini bila kumtazama mama mtu usoni nilifundishwa na utafiti, na somo hilo la tatu nililishika upesi kuliko yale mawili.

Nilizaliwa Dindira, kwenye ukungu na mashamba ya chai. Uuguzi niliufanya Korogwe, miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado mpya na kila mtu akijiona ana zamu ya kujenga nchi. Baadaye nikapelekwa zahanati moja upande wa Ngombezi, nikiwasafisha wakata mkonge vidonda vya miiba, kisha nikachaguliwa kwenda kusomea utabibu. Nikarudi na koti jeupe refu kuliko la wauguzi, na upweke wangu ulianza siku hiyohiyo. Wenzangu niliokula nao sufuria moja wakawa wananyamaza nikiingia. Madaktari nao, kila walipotaka chai, macho yao yalinitafuta mimi. Nikawa popo, ambaye ndege wanamkana kwa sababu ana meno na wanyama wanamkana kwa sababu ana mabawa. Kwa hiyo ulipokuja utafiti wa malaria uliohitaji mtu anayejua kumtoboa mtoto kidole bila kijiji kizima kupiga yowe, na papo hapo anayeweza kuandika dozi, nilipendekezwa na pande zote mbili bila ubishi. Nadhani pande zote mbili zilipumua.

Nilipewa vijiji vitatu vya Handeni. Vilikuwa vijiji vya ujamaa, vipya bado, watu wametolewa kwenye maboma yao ya mbali na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba zimenyooka lakini wenyewe wakitembea kama wageni. Kila mwezi nilikaa wiki moja katika kila kijiji. Landrova ilinishusha Jumatatu na mizani yangu, vioo vya kupakia matone ya damu na sanduku la dawa, ikaja kunichukua Ijumaa. Nililala chumba kilichokuwa nyuma ya ofisi ya chama. Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa yanga, nikasonga ugali wangu wa njano juu ya jiko la mafuta ya taa na kula nikisikiliza redio, na nilipomaliza nilijisikia nikiiambia redio, "Haya, alhamdulillahi," kama nilivyowasikia majirani zangu, ilhali mimi ni Mkristo. Korogwe alikuwapo karani mmoja wa reli aliyetaka kunioa. Alinisubiri miaka miwili, kisha akaoa mwanamke aliyekuwa nyumbani. Simlaumu sasa. Wakati ule nilimlaumu sana.

Mambo ninayotaka kuyaeleza yalianzia kwenye daftari la kaya. Katibu wa kijiji kimoja alikuwa ameniandalia orodha nzuri, mtoto upande huu, mama upande ule, namba ya nyumba mwishoni. Nikaona mstari mmoja una mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mama yake ni bibi mjane ambaye nilimfahamu, mwenye umri wa kupita miaka sitini. Nilicheka peke yangu. Nikasema hawa makatibu wetu, hata kuzaa wanazalisha kwa kalamu. Nikatafuta kadi za kliniki nilizokuwa nazo, nikampata mama wa kweli, kijana wa miaka kama ishirini na minne, jirani wa bibi huyo. Ningeweza kumwita pembeni. Lakini nilikuwa na hasira za mtu aliyezoea kupuuzwa, na mtu wa namna hiyo akipata hati mkononi huwa hana subira.

Kesho yake tulikuwa tunapima watoto kwenye kivuli cha ghala la kijiji, wanawake wamejaa. Mama yule alikuja na mtoto mgongoni. Nikamuuliza jina la mama wa mtoto, akamtaja bibi. Nikamwambia hapana, nataka jina la mama.

"Huyu si wangu," akasema taratibu. "Ni wa bibi."

Nikainua kadi. Nikasoma kwa sauti, ili katibu naye asikie na kusahihisha: jina la mama, jina la baba yake, mimba nne, watoto wanne, watatu wa mwanzo wamefariki, huyu wa nne yu hai. Nikamalizia kwa kumwambia kwamba serikali haina haja ya aibu za watu, inataka ukweli tu.

Mama yule alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka na mtoto bila kumpima, na baada yake wakaondoka wawili, kisha watano, kisha nikabaki na mizani inayoning'inia. Niliandika daftarini: mama amekataa. Nilidhani nimemaliza.

Mwezi uliofuata nusu ya wanawake hawakuja. Bibi mjane ndiye aliyenifuata, akiwa na jembe begani, akitokea shambani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa juu ya sanduku langu la dawa bila kukaribishwa. "Sista," akaniambia, "umemwaga mtama kwenye kuku wengi."

Akanieleza, kwa upole wa kumfundisha mtoto kula. Kifo kinachomaliza watoto wa nyumba moja huwa kimeshajua jina la mama, kinalifuata jina hilo kila anapojifungua. Kwa hiyo mama yule alipozaa mara ya nne, walimtoa mtoto alfajiri wakamlaza jalalani, kama takataka. Bibi akapita kama mpita njia, akamwokota, akalipa kibaba cha mahindi. Tangu siku hiyo mtoto akawa wa bibi, akapewa jina la kitu kilichotupwa, na mama yake akawa anamnyonyesha kama anayemsaidia jirani. Mwaka mmoja na nusu hakuna mtu kijijini, hata baba yake, aliyewahi kutamka kwamba ni wa mwanamke yule. Mtoto alikuwa amefika umri ambao ndugu zake wote watatu hawakuufika. Ndipo mimi nikaja na koti langu, nikasimama kando ya barabara, nikalitangaza jina.

Nilimwambia malaria haina masikio. Ndiyo, nilimwambia hivyo, mzee aliyenizidi umri kwa miaka thelathini. Akanitazama, akaniuliza wale watatu wa mwanzo walikuwa wamekosa dawa zetu, au walizipata. Nilikuwa na kadi. Wote watatu walikuwa wamepelekwa zahanati.

Kisha akasema lililomleta. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu, na mama yake amemficha ndani; anaogopa kwamba akimtoa nje atakuwa anamkabidhi kwa kifo. Mimi nikasimama na kuchukua mkoba wangu. Bibi akaniambia nikae, siwezi kuingia mle kwa mkoba. Mtoto ilibidi anunuliwe upya. Yeye bibi hafai tena, hila yake imeshajulikana. Alitakiwa mtu wa mbali, asiye na mume, asiye na mtoto wala ndugu karibu, mtu ambaye hata kifo kikimuulizia hakitapata mlango wa kubisha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akacheka kidogo, na alikuwa ananitazama mimi.

Nililia baadaye kwa ajili ya cheko lile, si mbele yake. Sifa iliyonifanya nifae ni ileile iliyokuwa ikinitesa kila nilipoepua sufuria ya mtu mmoja. Lakini kwa wakati ule nilikuwa nawaza dawa tu. Nikajiambia nitafanya mchezo wao wa asubuhi moja ili nimpate mgonjwa wangu. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mimi Idi yangu ilikuwa bado mbali.

Kesho yake kulipopambazuka walimlaza jalalani nyuma ya nyumba, juu ya kipande cha gunia, kati ya maganda ya mihogo na majivu. Mama yake alikuwa hatua kumi hivi, ametupa mgongo, anachambua mboga. Nikapita kama nilivyofundishwa. Nikauliza nani katupa mtoto hapa. Hakuna aliyejibu. Nikauliza tena, kimya. Nikasema basi ni wangu, nikamkabidhi bibi pishi ya mtama kwa niaba ya jalala, nikamwinua.

Alikuwa wa moto. Alinikojolea koti lote. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umemshika ubavuni, na bandama yake niliisikia bila kuitafuta, ngumu, vidole vinne. Weupe wa ndani ya kope zake ulikuwa kama karatasi. Mama yake hakugeuka, lakini niliona mboga alizokuwa anachambua zimekwisha na vidole vyake bado vinaendelea kuchambua hewa. Nikaanza klorokwini saa ileile, na hakuna aliyenizuia, kwa sababu mtoto alikuwa wangu.

Kwenye utafiti nilimfuta. Mtoto anayeachiwa dawa za kila wiki na mtafiti mwenyewe, na mbegu za maboga, na mayai yaliyotoka kwenye kikapu cha mtafiti, hawezi kuhesabiwa pamoja na wengine. Nilimwandikia mkuu wangu wa kazi mjini kumweleza. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba mtoto mmoja hapunguzi kitu.

Siku ya tatu homa ilishuka. Mama yake aliniletea habari kupitia kwa bibi, maana mwenyewe alikuwa bado hasemi nami, akauliza swali moja. Kwa desturi mtoto wa kununuliwa hukombolewa na wazazi wake hatari ikishapita, na kabla ya hapo hawezi kupelekwa kwa babu na bibi yake kuonyeshwa kama mjukuu. Wazazi wake mwanamke huyu walikuwa Mpale, hawajawahi kumwona mtoto. Zamani hatari ilijulikana imepita mtoto akianza kubeba maji. Sasa kwa kuwa mama mnunuzi ni daktari, yeye atajuaje?

Nilivimba kichwa kwa kuulizwa hivyo. Nikasema ni rahisi. Siku nitakayopapasa tumbo lake nisiikute bandama, siku hiyo hatari imepita, aje amchukue.

Basi ikawa kila mwezi nikifika kijijini, kabla hata sijafungua sanduku, analetwa. Mama yake anamweka chini, anasogea pembeni, na mimi napasha viganja joto. Wanawake walirudi kwenye mizani mmoja mmoja, wakawa wanauliza kwa mbali, vidole vingapi leo? Vitatu na nusu. Vitatu. Msimu wa mvua akaugua tena tukarudi nyuma, kisha tukasonga mbele. Vidole viwili. Mama yake alianza kunisalimu, kisha kukaa, kisha kunimenyea muhogo huku tukisemezana habari za mvua. Na kijiji kizima kikaanza kuniita Mama Fulani, kwa jina lile la jalalani ambalo silitaji hapa. Watu wazima, wazee wenye ndevu. "Mama Fulani, hujambo? Mwanao kaiba miwa ya mwenyekiti." Nilikuwa nimeitwa sista na daktari na hata bwana mkubwa. Sikuwahi kuitwa mama wa mtu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Alipojifunza kukimbia, alikuwa akilisikia gari kabla ya wengine. Alikuja mbio akiwa uchi wa mnyama, anakumbatia goti langu, anafungua mwenyewe mfuko wa koti kutafuta karanga. Nikiwa Handeni mjini wiki isiyo yake, nilihesabu siku. Nilishona kaptula kwa mkono. Redio niliiacha kimya nikasahau betri zake mpaka zikavuja. Nilikuwa na furaha, na nilijua furaha hiyo inapimwa kwa vidole.

Siku moja wakati wa palizi nilimlaza kwenye mkeka, nikaanzia kitovuni, nikapanda, nikasubiri avute pumzi. Akavuta. Hakuna kitu. Nikapapasa tena, nikamgeuza ubavu kama vitabu vinavyosema. Hakuna kitu. Tumbo lilikuwa laini kama unga uliolowekwa. Mama yake alikuwa amekaa palepale, ameshika kisu na muhogo.

"Kimoja," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Nikajiambia nitahakikisha mwezi ujao, maana bandama huweza kurudi. Mwezi ujao nikasema kimoja. Uliofuata nikasema bado, kama nusu kidole hivi, tusubiri mvua ndogo zipite. Mimi ambaye nilikuwa nimemwaibisha mwanamke mbele ya watu kwa sababu serikali inataka ukweli tu. Daftari langu la watoto wengine lilikuwa safi, sijawahi kuongeza wala kupunguza hata nusu kidole cha mtoto wa mtu. Kwa huyu niliongopa miezi minne. Mara mbili katika miezi hiyo mama yake aliniambia, bila kunitazama, kwamba kwao Mpale wametuma salamu, wanauliza mjukuu lini. Nikamwambia wavumilie, afya ya mtoto haiharakishwi. Na yeye akajibu, "Haya, dada, wewe ndiye unayejua."

Usingizi ulinipotea, lakini sikusema. Nataka ijulikane kwamba dhamiri haikunishinda. Kilichonishinda ni barua. Utafiti ulikuwa umefika mwisho, vioo vya kutosha vimekusanywa, na mimi nilitakiwa kuripoti Korogwe hospitalini. Gari lingekuja Ijumaa na kuchukua kila kitu. Nikaona kwamba nikiondoka bila kusema, nitamwacha mwanamke huyu na mtoto ambaye mama yake kwa desturi, yaani mimi, yuko mbali na hawezi kumrudisha. Hata ubinafsi wangu ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa hapo.

Alhamisi asubuhi nikaenda nyumbani kwake bila mkoba. Nilimkuta uani anamwogesha mtoto kwenye karai. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mahindi yanakauka juu ya uchanja. Mtoto aliponiona akapiga maji kwa viganja vyote viwili, akanilowesha. Nikachuchumaa upande wa pili wa karai. Nikatia mkono majini, nikauweka tumboni mwake chini ya mbavu za kushoto, ingawa nilijua.

"Haipo," nikasema. "Bandama imekwisha rudi mahali pake. Njoo umchukue mwanao."

Alikuwa anamsugua shingo. Hakuacha kusugua.

"Najua," akasema. "Haipo tangu palizi."

Nikamtazama. Nilitaka kumuuliza nani amemfundisha.

"Mimi ndiye ninayemwogesha, dada," akasema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Ilipokuwa kubwa niliishika kwa mikono hii, na ilipoondoka niliishika inavyoondoka."

"Kwa nini hukusema? Kwenu wanakusubiri."

Akammwagia mtoto maji ya mwisho kichwani, akamziba macho kwa kiganja yasiingie sabuni.

"Kwetu wako wengi," akasema. "Wewe nikaona huna mtu. Nikasema, acha na yeye apate siku zake."

Nililia palepale, nimechuchumaa, sina mahali pa kuficha uso. Aliniacha nilie. Mtoto alituangalia mmoja baada ya mwingine, kisha akaanza kutetemeka kwa baridi. Mama yake akamtoa kwenye karai, akamsimamisha juu ya jiwe, akavuta kanga kavu iliyokuwa imetundikwa, na badala ya kumfunika akaninyooshea mimi.

"Bibi tutamwita jioni, tufanye inavyotakiwa," akasema. "Mfute. Bado ni wako."

Nikamfuta polepole, kichwa kwanza, kisha mgongo, kisha tumbo, mpaka hapakubaki mahali penye maji.